Mihayo na Malale wa Kanzu Nyingi

Haya jamani, ngano yangu imesimama mlangoni!
— Ifungulieni, iingie!
Ina vumbi miguuni!
— Ioshwe, iingie!
Ina mzigo mzito!
— Itue, tutaupokea!

Basi sogeeni karibu, na wewe unayesinzia kaa wima, maana ngano hii haipendi watu wanaosinzia. Mtajua kwa nini.

Hapo kale palikuwa na kijiji kikiitwa Itundulu, pembeni mwa pori kubwa la miyombo. Katika kijiji hicho aliishi mrina asali, jina lake Mihayo. Mkewe aliitwa Nyamizi. Walikuwa na binti mmoja, Kabula, aliyekuwa bado ananyonya. Mihayo alikuwa na kaka yake mkubwa, Kasanda, mtu wa sauti nene, aliyemlea baada ya baba yao kufa.

Mihayo alikuwa mtu macho. Nyuki mmoja akipita, Mihayo anajua anakotoka. Mzinga mmoja ukilia juu ya mti, Mihayo anajua umejaa. Watu walisema, "Usingizi ukimkuta Mihayo, ujue umepotea njia."

Sasa, ndani ya pori hilo aliishi Pongo, yule mnyama wa madoa anayependa vichaka. Na pembeni ya Pongo aliruka Mbung'o, nzi mwenye mdomo kama sindano.

Siku moja Mbung'o akamwambia Pongo, "Pongo, Pongo, nina kiu."

Pongo akasema, "Kunywa. Lakini damu yangu haiko peke yake. Kuna mgeni amepanga humo, anaitwa Malale. Babu yangu alimzoea, baba yangu alimzoea, na mimi nimemzoea. Akienda kwa asiyemzoea, atabomoa nyumba."

Mbung'o akasema, "Mimi nakunywa tu. Habari za nyumba sizijui."

Akanywa. Malale akapanda ndani ya Mbung'o kama mtu anayepanda gari la bure. Akakaa humo, akakomaa, akangoja.

Siku nyingine Mihayo alikuwa juu ya mti, mikono yote miwili imeshika mzinga, moshi unamwingia machoni. Mbung'o akaja. Mihayo akatikisa bega, Mbung'o akaruka. Akarudi. Mihayo akatikisa bega, Mbung'o akaruka. Akarudi mara ya tatu, na mara hiyo mzinga ulikuwa unateleza. Mihayo hakutikisa bega.

Tii! Sindano ikaingia.

Mihayo akashuka na asali yake, akajikuna, akasema, "Mbung'o huyu ana roho mbaya." Akarudi nyumbani. Palipoumwa pakavimba, pakawa pekundu, pakauma. Nyamizi akapakanda kwa maji ya moto. Wakasahau.

Sikilizeni sasa. Ndani ya kila mtu kuna mji. Hata ndani yako wewe unayejikuna kuna mji. Barabara zake ni mishipa, mto wake ni damu, na una walinzi wasiolala. Mkuu wa walinzi katika mji wa Mihayo alikuwa Bi Kinga, mwanamke mwenye makovu. Alishapigana na homa za utotoni, alishapigana na vidonda vya miiba, na kila adui aliyempiga alimkumbuka sura.

Karibu na Bi Kinga aliishi Mhunzi. Mhunzi alifua mikuki, lakini si mikuki ya ovyo. Alimtazama adui, akatazama kanzu aliyoivaa, akafua mkuki wa kutoboa kanzu ile. Mkuki wa kanzu nyeupe hauwezi kumtoboa mwenye kanzu ya madoa. Na kufua mkuki si kukaanga yai. Huchukua siku.

Malale akaingia mjini amevaa kanzu nyeupe. Akaimba kwa sauti ya puani:

*Hodi mji wa damu, nitandikieni nilale,*
*Leo nimevaa nyeupe, mimi mgeni Malale.*

Bi Kinga akapiga kelele, "Mgeni! Mgeni hajulikani! Washeni moto!"

Walinzi wakawasha moto katika kila njia, na huku nje mwili wa Mihayo ukawaka homa. Alitetemeka hadi kitanda kikalia. Mle ndani Malale hakukaa mmoja. Alijigawa akawa wawili, wawili wakawa wanne, wakajaa mtoni kama viluwiluwi, wote wamevaa nyeupe.

Mhunzi akafua. Nyundo juu, nyundo chini. Nyundo juu, nyundo chini. Mikuki ikatoka, walinzi wakaishika, wakachoma. Kanzu nyeupe zikatoboka. Wakaja walinzi wenye matumbo makubwa, wakawameza wale waliokufa. Mto ukatulia. Moto ukazimwa.

Asubuhi hiyo Mihayo akaamka, akaomba matobolwa na chai. Alikula viazi vile vikavu hadi bakuli likawa tupu.

Kasanda akaja kumjulia hali. Akasema, "Si nilisema? Homa ya uchovu tu. Imekwisha."

Nyamizi akacheka. Nao watu wa mji wa ndani wakacheka.

Lakini kuna mmoja. Mmoja tu! Nyuma ya boma, Malale mmoja alikuwa amekwisha kuvua kanzu nyeupe kabla mikuki haijafika. Alikuwa anafunga vifungo vya kanzu nyingine.

*Hodi mji wa damu, nitandikieni nilale,*
*Leo nimevaa madoa, mimi mgeni Malale.*

Walinzi wakamrukia na mikuki yao. Mikuki ikateleza. Bi Kinga akasema, "Huyu simjui." Kumbe ni yule yule! Moto ukawashwa upya. Mihayo akarudi kitandani. Kichwa kilimgonga, viungo vilimuuma, na shingoni, nyuma, pakaota mitoki, vifundo vya duara kama kokwa za zambarau chini ya ngozi.

Mhunzi akafua. Nyundo juu, nyundo chini. Mikuki ya madoa ikatoka, kanzu za madoa zikatoboka, homa ikashuka.

Kasanda akaja, akasema, "Imekwisha."

Nyamizi hakucheka. Alisema, "Shemeji, amekonda."

"Mtu aliyeumwa hukonda. Mpikie."

Akampikia. Mlenda, uyoga, kuku. Mihayo alikula kidogo, akakitazama chakula kama kitu alichokisahau jina.

Na nyuma ya boma, Malale alikuwa anafunga vifungo.

*Hodi mji wa damu, nitandikieni nilale,*
*Leo nimevaa mistari, mimi mgeni Malale.*

Jamani, mara ya tatu haikuwa kama ya kwanza. Walinzi walikuwa wamechoka, na aliyechoka hupiga ovyo. Wakawasha moto mkubwa kupita kiasi. Cheche zikaruka, mapaa ya nyumba za mji yakashika. Moyo wa Mihayo ukaenda mbio amelala. Damu yake ikapungua, viganja vikapauka.

Mhunzi akapiga kelele, "Bi Kinga! Tunachoma mji wetu wenyewe!"

"Nifanye nini? Nikizima moto, anajaa. Nikiwasha, tunaungua."

"Nimefua hadi nyundo imepinda. Huyu ana kanzu ngapi?"

Bi Kinga akawageukia walinzi waliobaki, akaanza kuwahesabu.

Ndipo Malale akafanya alilolikusudia tangu mwanzo. Akaacha mto, akapanda. Akapanda mpaka Mlango wa Kichwa, ule mlango mwembamba ambao hata walinzi wa damu hawauvuki ovyo. Akajipenyeza. Ndani ya kichwa kuna taa mbili, taa ya kulala na taa ya kuamka. Malale akazichezea. Mchana akazima ya kuamka. Usiku akazima ya kulala.

Basi Mihayo, yule mtu macho, akawa halali usiku. Ukifika mchana analala. Analala ameketi. Analala ameshika kijiko, ugali uko mdomoni haujamezwa. Nyamizi akimwita, "Baba Kabula!" anafungua macho, anasema neno moja, anarudi alikotoka. Siku nyingine aliamka na hasira, akamsukuma mkewe, yeye ambaye hakuwahi kumsukuma hata mbuzi. Kisha akalia, hajui kwa nini.

Hata homa iliposhuka mara ya tatu, usingizi haukuondoka. Watu wakaanza kusema. Wa kwanza akasema, "Mvivu huyo, asali imemlevya." Wa pili akasema, "Amerogwa, watu wanaionea wivu mizinga yake." Wa tatu hakusema kitu, alitikisa kichwa tu, na huyo ndiye aliyemtisha Nyamizi zaidi.

Nyamizi akainuka. Alimfunga Kabula mgongoni, akatoa baiskeli ya mumewe, akafunga mto wa pamba kwenye kiti cha nyuma, akamketisha Mihayo na kumfunga kwa khanga kiunoni ili asianguke. Hospitali ilikuwa mbali, ng'ambo ya mbuga. Akaanza kusukuma.

Hajafika mwisho wa shamba la karanga, Kasanda akatokea mbele yake. Akashika usukani.

"Mwangaluka, shemeji," Nyamizi akamsalimu, kwa kuwa ilikuwa asubuhi na alikuwa mkubwa wake.

Kasanda hakuitikia. "Unampeleka wapi ndugu yangu?"

"Hospitali."

"Homa si ilishuka jana?"

"Shemeji, homa iliyoaga mara tatu haijaondoka."

"Nimetuma mtu amlete mganga. Kesho yuko hapa. Mrudishe ndani."

"Kesho sina."

"Nyamizi! Baba yetu tulimpeleka hospitali hiyo hiyo. Alikwenda akiwa hai. Tulimrudisha tumemfunika. Unataka nimfunike na huyu?"

Sauti nene ile ilikatika katikati, na Nyamizi akaona kuwa hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu.

Akauliza kwa upole, "Baba mlimpeleka lini?"

"Alipoumwa."

"Lini, shemeji?"

Kasanda akatazama chini. "Alipokuwa haongei tena."

"Basi tusimngoje huyu anyamaze."

Akauchukua mkono wa Kasanda, akaupeleka nyuma ya shingo ya Mihayo, akaukandamiza pale penye vifundo. Kasanda akagusa kimoja, akagusa cha pili. Mihayo akafungua macho. Akamtazama kaka yake, akasema, "Baba, umerudi?"

Kasanda akageuka upande. Alipogeuka tena uso ulikuwa umelowa. Akasema, "Shika mtoto vizuri. Nipe mimi baiskeli."

Wakaenda. Jua likapanda, wakaenda. Wakapita pori la kwanza, wakapita pori la pili, wakafika mbugani, na mbuga ilikuwa imejaa maji ya mvua, tope jeusi mpaka magotini. Gurudumu likazama. Kasanda akasukuma, likazama zaidi. Akaitupa baiskeli pembeni, akainama, akasema, "Mpandishe mgongoni." Nyamizi akampandisha. Kasanda akaingia topeni na ndugu yake mgongoni, Nyamizi nyuma na Kabula mgongoni.

Katikati ya mbuga mwili wa Mihayo ukakakamaa. Meno yakasagana, mikono ikapigapiga, macho yakageuka meupe.

"Anakufa!" Kasanda akalia. "Nyamizi, anakufa mgongoni kwangu!"

"Ninamwona, shemeji! Usisimame!"

Je, ndani ya mji kulikuwaje?

Moto kila pembe. Malale wamejaa mtoni, wamevaa mistari, na nyuma yao wengine wanafunga vifungo vya kanzu ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Mhunzi amekaa chini, nyundo mapajani.

"Tumeshindwa," akasema Mhunzi.

"Ndiyo," akasema Bi Kinga. "Kumshinda hatuwezi. Kumchelewesha tunaweza."

"Kumchelewesha hadi lini?"

"Hadi aje anayeweza."

"Na asipokuja?"

"Fua, Mhunzi."

Mhunzi akainuka. Nyundo juu, nyundo chini. Kila mkuki uliotoka ulipunguza Malale wachache, na wachache wale ndio waliomfanya Mihayo avute pumzi moja. Na nyingine. Na nyingine. Nyamizi alikuwa anatembea nyuma yake topeni akizisikiliza pumzi zile, kila moja akiiitikia kimoyomoyo kama mtu anayeitikia dua.

Wakatoka mbugani. Wakafika hospitali wametapakaa tope mpaka kifuani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Hakuuliza kwa nini wamechelewa. Aliuliza, "Anafanya kazi gani?"

"Anarina asali."

"Porini?"

"Porini."

Akamtoboa kidole, akachukua tone, akaliweka chini ya hadubini, akainama. Kasanda alisimama mlangoni. Daktari akainuka, akamwambia Nyamizi, "Njoo utazame mwenyewe."

Nyamizi akatazama kwa jicho moja. Akaona chembe za damu ya mumewe zimetulia kama mbegu, na katikati yao viumbe vyembamba vinajinyonganyonga, vinazisukuma, vinacheza.

"Ndiye huyo?" akauliza.

"Ndiye huyo. Anaitwa Malale."

Wakamchoma sindano ya uti wa mgongo, wakachota maji, wakatazama. Malale alikuwamo hata humo. Daktari akasema, "Ameingia kichwani. Dawa ipo, lakini ni kali, na mgonjwa ni dhaifu. Inaweza kumponya. Inaweza pia kumzidi. Siwezi kuwaficha."

Nyamizi akamtazama Kasanda. Kasanda, mkubwa wa ukoo, akasema, "Shemeji, sema wewe. Wewe ndiye uliyemfikisha."

Nyamizi akasema, "Mpe."

Dawa ikaingia mshipani ikiunguza. Mihayo, aliyekuwa hajasema neno, alipiga ukelele. Nyamizi akamshika mkono huu, Kasanda ule.

Na mjini, Bi Kinga akaona kitu kinakuja mtoni. Hakikuwa mlinzi. Hakikuwa na macho. Malale akakiona pia, akacheka, akavua mistari, akavaa nyekundu. Dawa haikugeuka. Akavua nyekundu, akavaa nyeusi. Dawa haikugeuka. Akavua nyeusi, akavaa kanzu ya mwisho, nzuri kuliko zote, akaimba:

*Hodi mji wa damu, nitandikieni...*

Hakumaliza. Dawa haikutazama kanzu. Ilimwingia mwilini, ikaizima nguvu yake iliyokuwa ikimtembeza. Iliwafuata wenzake mtoni, ikapanda, ikauvuka Mlango wa Kichwa ambao walinzi hawakuuvuka, ikamkuta aliyekaa kwenye taa. Humo kichwani vita vilikuwa vibaya. Mihayo alitetemeka, akazimia, akarudi, akazimia tena. Daktari alikuja na kuondoka, akaja na kuondoka, uso wake hausomeki. Nyamizi hakulala. Alimnyonyesha Kabula ameketi, jicho moja kwa mtoto, jicho moja kwa kifua cha mumewe.

Hadi asubuhi moja Mihayo akafungua macho, na macho yakabaki wazi.

"Mama Kabula."

"Abee."

"Hii ni asubuhi au jioni?"

"Asubuhi."

Akawatazama. "Mbona nguo zenu zina madoa ya tope?"

Nyamizi akacheka, kisha akalia, kisha akashindwa kujua ni lipi kati ya hayo analolifanya. Kasanda akatoka nje, akapiga chafya kubwa za uongo ili watu wasijue.

Ndani ya mji Mhunzi alikuwa anafagia majivu. Akamwuliza Bi Kinga, "Tumeshinda?"

Bi Kinga akatazama mapaa yaliyoungua. "Tumefika tukiwa hai," akasema. Kisha akaongeza, "Usiitupe nyundo. Mbung'o bado yuko porini, na huyu akija tena atakuja na kanzu tusiyoijua."

Wakarudi Itundulu. Daktari alimwagiza Mihayo arudi kupimwa mara kwa mara, na kila mara alirudi. Nguvu zilirejea polepole, kama maji yanayopanda kisimani.

Sasa sikilizeni. Siku moja jua likiwa katikati, mama mmoja jirani alipita kwa Mihayo, akamkuta ameketi barazani anamtikisa Kabula magotini. Nyamizi alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi, anakoroma mchana kweupe.

Jirani akashika kifua. "Mihayo! Mkeo analala mchana!"

Mihayo akajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Akamwinamia mkewe, akampapasa nyuma ya shingo, taratibu, kushoto, kulia. Hapakuwa na kitu. Akamwekea mkono kwenye paji la uso. Palikuwa baridi.

"Huyu haumwi," akasema kwa kunong'ona. "Huyu amechoka. Alikesha kwa ajili yangu hadi mwili ukamdai. Nakuomba, mama, pita polepole."

Jirani akavua kandambili, akapita peku. Mihayo akakaa pale mpaka vivuli vikarefuka, akiwafukuza nzi, mmoja mmoja, wasitue juu ya Nyamizi.

Ngano imefika ukingoni, mashua nimeifunga. Funzo lake ni hili: homa ikishuka usishangilie kabla hujajua ilikokwenda. Walinzi wako wa ndani wanapigana, lakini wakizidiwa hawana mdomo wa kukuita. Wanakuita kwa homa, kwa mitoki, kwa usingizi usio wa kawaida. Wasikie mapema.

Mimi nilikuwa hapo hapo barazani, nikaombwa nisaidie kufukuza nzi, nikalipwa asali, nikaila njiani. Ndiyo maana sikuwaletea. Tamu kaleni nyinyi, chungu niachieni mimi. Na wewe kule nyuma uliyefumba macho tangu tulipokuwa mbugani, nakuja kukupapasa shingo. Ukikuta mikono yangu inanata, usiulize.

— Imetua!
Imetua, laleni salama.